Sekunde 10 za Kupumua

Tarehe 15 Julai 1939, kwenye uwanja wa Arena Civica mjini Milan, Mjerumani aitwaye Rudolf Harbig alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6. Rekodi ya dunia aliyoikuta, ya Mwingereza Sydney Wooderson, ilikuwa dakika 1 na sekunde 48.4. Rekodi za mbio hizi kwa kawaida hupunguzwa kidogokidogo, kama mtu anayekwangua sufuria ya ugali. Harbig aliikata karibu sekunde mbili kwa mpigo mmoja, na hakuna aliyeivunja hadi 1955, miaka 16 baadaye. Yeye mwenyewe hakuwepo kuona. Aliuawa vitani Ukraine mwaka 1944 akiwa na miaka 30.

Nimeanza na Harbig kwa sababu kuna jambo nataka kuamua kabla mwezi haujaisha, na ukilifuata nyuma vizuri unamkuta yeye njiani. Kwenye paa la jengo moja hapa Roysambu, hatua chache kutoka ninakoishi, kuna darasa la mazoezi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi, watu kama 25 wanaruka, wanachuchumaa, wanainua vyuma, wanajitupa chini kifudifudi na kuinuka tena, muziki ukiwa juu mpaka mbwa wa soja wa geti anaitikia. Ada ni shilingi 3,500 kwa mwezi. Bango lililobandikwa ngazini lina maneno mawili tu, kwa herufi nyekundu: HAKUNA KUPUMZIKA.

Jirani yangu, Mama Baraka, amekuwa akienda tangu Januari na amekuwa mhubiri wa hayo mambo.

"Kijana, wewe kuja tu," aliniambia. "Wiki ya kwanza utalia, ya pili utazoea."

"Na nikishindwa katikati, Mama Baraka?"

"Hapo hakuna kushindwa. Tukikuona unalegea tunakupigia kelele mpaka umalize."

Alilisema kama zawadi, na najua ni zawadi. Lakini nina sababu ya kusita. Nikiwa mwaka wa tatu chuoni, babangu alipatwa na kiharusi. Alikuwa na miaka 52, na kumbe alikuwa na presha siku nyingi bila kujua. Karo ikageuka dawa, mimi nikarudi nyumbani, na chuo ndiyo ikaishia hapo. Siku hizi naandika, nalipwa kwa makala, na makala huandikwa mtu akiwa ameketi. Saa tisa, saa kumi kwa siku, kwenye kiti cha plastiki. Mwezi wa pili mwaka huu nilienda kliniki kwa sababu ya kikohozi tu, nesi akanipima presha: 146 kwa 92. Nina miaka 27. Akarudia baada ya dakika kumi, ikawa imeshuka kidogo, akaniandikia nirudi siku nyingine ipimwe tena. Kisha akaniambia kwa sauti ya shangazi, "Na utoe huo mwili kwa kiti."

Kwa hivyo swali langu si kama nifanye mazoezi. Hilo lilijibiwa na mashine ya presha. Swali ni kama niyafanye pale juu, kwa mtindo ule, katikati ya watu wanaopiga kelele. Daktari nitamuuliza, bila shaka. Ila mimi ni mtu wa kutaka kujua kitu kilikotoka kabla ya kukilipia. Wenzangu wakienda kununua simu wanauliza bei, mimi nauliza nani aliivumbua na alikuwa anataka nini.

Haya. Kocha wa Harbig aliitwa Woldemar Gerschler, na alikuwa mtu wa saa na vipimo. Yeye pamoja na Herbert Reindell, daktari wa moyo wa Freiburg, ndio waliotengeneza mtindo wa mazoezi unaoitwa intavali. Mkimbiaji anapewa umbali mfupi, tuseme mita 100 au 200, anaukimbia kwa nguvu mpaka moyo unafika mapigo kama 180 kwa dakika. Halafu anapunguza, anatembea au kukimbia pole, huku mapigo yakihesabiwa. Yakishuka hadi 120 hivi, anaenda tena. Anapewa sekunde 90 za kushuka. Zikipita na moyo bado unapiga ngoma, maana yake mbio zile zilikuwa kali mno au ndefu mno kwa mtu yule, siku ile, na lazima zipunguzwe.

Hapo ndipo niliposimama nikarudia ukurasa. Jina intavali si jina la zile mbio. Ni jina la nafasi iliyo katikati yake. Gerschler na Reindell waliamini kwamba moyo unajengeka katika mapumziko, hasa zile sekunde za mwanzo mapigo yanapoanza kushuka huku kila pigo likiwa bado linasukuma damu nyingi. Mbio zilikuwa kiberiti. Mapumziko ndiyo yaliyokuwa moto wenyewe. Wanasayansi waliofuata wamebishana nao kuhusu namna mwili unavyofanya kazi hapo, lakini kwa hawa wawili, aliyesema hakuna kupumzika alikuwa amesema hakuna zoezi.

Hata wale waliokuwa wakali kuliko wao walijua hili. Emil Zátopek wa Chekoslovakia, aliyeshinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni kwenye Olimpiki moja, Helsinki 1952, alijifundisha intavali bila daktari wa kumshika mkono. Mita 400 mara 20, mara 40, na kuna siku alivaa buti za jeshi. Watu walimwona kama kichaa. Lakini kati ya 400 moja na nyingine, kichaa huyo alikuwa anakimbia mita 200 polepole.

Sasa pale paani sehemu inayoogopwa zaidi huitwa tabata. Mama Baraka aliponitajia mara ya kwanza nilidhani ni ule mtaa wa Dar es Salaam. Kumbe ni jina la mtu, Izumi Tabata, mtafiti wa Japani, na kitu chenyewe hakukibuni yeye. Kilibuniwa na Irisawa Koichi, kocha wa timu ya taifa ya kuteleza kwa kasi kwenye barafu. Tabata alichofanya ni kukipima, na matokeo yalichapishwa mwaka 1996.

Utafiti wenyewe ni mdogo na unaeleweka. Vijana wa kiume waliokuwa wakisomea elimu ya viungo, yaani watu ambao tayari miili yao iko sawa, waligawanywa mara mbili. Kundi la kwanza liliendesha baiskeli ya mazoezi kwa dakika 60, kwa asilimia 70 ya uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni, siku 5 kwa wiki kwa wiki 6. Kundi la pili lilikanyaga kwa sekunde 20, likapumzika sekunde 10, likarudia hivyo mara saba au nane, siku nne kwa wiki, na siku ya tano likachanganya kidogo na ule mwendo wa wastani. Sekunde 20 zenyewe zilikuwa kwa nguvu ya asilimia 170. Unauliza mtu atapitaje asilimia 100? Ni kwamba mwili unatumia nguvu kuliko mapafu na moyo vinavyoweza kulipia papo hapo, kwa hivyo unakopa. Ni Fuliza. Na kama Fuliza, deni linakatwa dakika ileile pesa zikiingia.

Baada ya wiki sita makundi yote mawili yalikuwa yameongeza uwezo wa kutumia oksijeni. Lakini uwezo wa kukopa, yaani kufanya kazi kali oksijeni isipotosha, uliongezeka kwa asilimia 28 kwenye kundi la pili, na la kwanza halikupata nyongeza ya maana. Kazi ya dakika nne! Ndiyo maana dunia nzima ya jimu ikalishika jina la Tabata kama nyuki na asali.

Kuna kitu kimoja ambacho hakikubebwa kwenye safari hiyo kutoka maabara hadi Roysambu. Kwenye baiskeli ya Tabata kulikuwa na sheria ya kusimama. Mtu akishindwa kudumisha mizunguko 85 kwa dakika, zoezi lake limekwisha hapo. Hakuna wa kumpigia kelele amalize, maana kushindwa kulikuwa sehemu ya kipimo. Na alikuwa ameketi kwenye baiskeli iliyofungwa, akishindwa haanguki na chuma kichwani. Pale paani watu wanafanya "tabata" ya kuruka na kuchuchumaa, kisha nyingine ya mikono, kisha nyingine ya tumbo, dakika 45. Mimi si mwanasayansi, ila mtu aliyefanya ile ya Japani kwelikweli baada ya dakika nne yuko chini, hana habari na raundi inayofuata. Kilichobaki ni saa ya sekunde 20 na 10. Gerschler aliuliza moyo wa mtu mmoja. Saa ya simu inawauliza watu 25 swali moja na kuwapa jibu moja.

Basi kwa nini watu wafanye pamoja? Harbig alikuwa na kocha wake na saa. Pale juu watu wako kwa mistari, wanaruka kwa hesabu ya mtu mmoja aliyesimama mbele. Hiyo mistari nayo ina historia yake, tena ya zamani kuliko intavali.

Mwaka 1806 Napoleon aliipiga Prussia kule Jena vibaya sana. Miaka mitano baadaye mwalimu aitwaye Friedrich Ludwig Jahn alifungua uwanja wa mazoezi kule Hasenheide, Berlin, vijana wapande kamba, waruke, wabembee, taifa lipate misuli ya kumfukuza Mfaransa. Alifanikiwa mpaka akawa tatizo: serikali ileile ilimkamata mwaka 1819, na kuanzia 1820 hadi 1842 mazoezi ya aina yake yalikuwa marufuku Prussia. Ilionekana kwamba vijana wengi wakijifunza kusonga pamoja wanaweza pia kuwaza pamoja. Kule Stockholm, Pehr Henrik Ling alifungua chuo chake mwaka 1813, na mtindo wake ulikuwa mtulivu zaidi. Watu kwa mistari, mwalimu mbele, amri moja, mikono juu, mikono chini. Serikali ziliupenda huo. Ukaingia kwenye majeshi na shule za Ulaya, Uingereza ikiwemo, na Uingereza ilikuwa na makoloni.

Huku kwetu dril ilifika ikiwa imevaa buti. King's African Rifles iliundwa 1902. Shule za misheni na za serikali nazo zikapanga watoto kwa mistari asubuhi. Hata leo mtoto wa shule ya msingi Kenya akisikia "mikono mbele, nyosha" mwili wake unajua la kufanya kabla ya akili. (PE ilikuwa kwenye ratiba yetu mara kadhaa kwa wiki. Mwalimu wa hesabu aliichukua yote. Ling tulimpata paredi tu.) Na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia wanaume walikusanywa kwa nguvu kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika, na makumi ya maelfu hawakurudi, wengi wakiuawa na maradhi na uchovu kuliko risasi. Kikosi chao, Carrier Corps, ndicho kimebaki kwenye jina la Kariokor, pale tunapoenda kula nyama choma. Hao walijua vizuri maana ya hakuna kupumzika.

Ila kuna upande mwingine, na ndio ulionivutia zaidi. Kuanzia miaka ya 1890, watu wa Lamu na Mombasa walianza kucheza beni. Jina lilitokana na bendi. Walichukua tarumbeta, ngoma kubwa, sare na hatua za gwaride, wakajipa vyeo, kuanzia mfalme na majenerali kushuka chini, wakaandamana mitaani na kushindana, kundi na kundi, kwa mavazi na kwa hatua. Baadaye makundi mawili makubwa, Marini na Arinoti, yalienea bara pamoja na askari na wapagazi wa vita, hadi Tanganyika na kupita. Terence Ranger aliandika kitabu kizima kuhusu beni mwaka 1975, na kinachoonekana humo ni kwamba haikuwa kuiga tu. Hawa walikuwa watu wa kazi ngumu ambao jioni, kwa hiari yao, tena kwa kutoa senti zao, walijipanga kwa mistari na kutii hesabu ya mtu mmoja. Na mwanachama akifa, wenzake walisaidia mazishi.

Naona kitu cha Roysambu hapo. Kundi la WhatsApp la paani lilichanga Mei, mmoja wao alipofiwa na mamake. Mama Baraka hakunitajia hilo akitaka kunishawishi, nilisikia tu akipiga hesabu ya M-Pesa kwenye ngazi. Ukiniuliza kitu gani kinauzwa kwa 3,500, mimi nasema ni hicho, maana kuruka unaweza kuruka bure kwako chumbani.

Na si hisia tu. Mwanahistoria William McNeill alipelekwa jeshini Marekani mwaka 1941, akafanyishwa gwaride kule Texas saa baada ya saa kwa sababu silaha za kufanyia mazoezi hazikuwepo. Alishangaa kwamba alilipenda. Kutembea kwa mpigo mmoja na watu wengi kulimpa furaha ambayo hakuweza kuieleza, akaibeba zaidi ya miaka 50 mpaka alipoandika kitabu kuihusu, mwaka 1995. Halafu kuna utafiti wa wapiga makasia 12 wa Oxford, uliochapishwa 2010. Walipiga makasia kwenye mashine, dakika 45, siku nyingine kila mtu peke yake, siku nyingine kwa timu. Baadaye wakapimwa uvumilivu wa maumivu kwa mkanda uleule wa presha, unajazwa upepo mpaka useme basi. Kazi ilikuwa ileile, lakini waliofanya kwa timu walivumilia maumivu zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Watafiti walihusisha hilo na endofini, dawa ya maumivu ambayo mwili hujitengenezea wenyewe.

Niliposoma hapo nilifurahi, kisha nikaogopa. Weka huo utafiti kando ya mkono wa Gerschler. Intavali inakutaka usikilize mwili kwa makini, usimame ukisema hapana. Kundi, kwa wema wake wote, linakupunguzia sauti ya mwili. Vyote viwili ni vya kweli na vyote vina faida. Lakini ukivichanganya, ukazidisha muziki, ukaondoa sheria ya kusimama, unapata mtu anayefanya kazi kali kuliko uwezo wake na hasikii kwamba inaumiza.

Matokeo ya hilo yana jina refu, rabdomaiolisisi. Misuli inavunjika na kumwaga vitu vyake kwenye damu, na mafigo ndiyo yanaachiwa kusafisha. Mkojo unakuwa na rangi ya Coca-Cola. Mwaka 1941, London ikipigwa mabomu na Wajerumani, madaktari Bywaters na Beall waliandika kuhusu watu waliofukuliwa kwenye vifusi wakiwa hai, miguu imebanwa kwa saa nyingi, ambao walionekana watapona lakini mafigo yakazima baada ya siku chache. Ni ugonjwa wa kuangukiwa na nyumba. Miongo sita baadaye ukaonekana jimu. Greg Glassman, mwanzilishi wa CrossFit, kampuni iliyoanza mwaka 2000 na kuufanya mtindo huu uwe biashara ya dunia nzima, aliandika wazi kuuhusu mwaka 2005 akiwaonya wakufunzi wake. Wakati huohuo watu wake walikuwa na kikaragosi cha utani, mchekeshaji wa sarakasi aliyefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, mafigo yakiwa sakafuni. Onyo na utani kwa pumzi moja. Kusema haki, ugonjwa wenyewe hutokea mara chache. Lakini wanaoupata mara nyingi ni wale waliokaa muda mrefu kisha wakaanza kwa kishindo. Nikiangalia kiti changu cha plastiki naelewa.

Hapo ningesema basi, nibaki na kutembea. Utafiti mmoja wa Norway ukanikatalia. Mwaka 2007 Ulrik Wisløff na wenzake wa Trondheim waliwachukua wagonjwa 27 ambao mioyo yao ilikuwa imedhoofika baada ya shambulio la moyo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 75. Wazee hao waligawanywa makundi matatu, na moja lilipewa intavali kali: dakika 4 za moyo kupiga asilimia 90 hadi 95 ya kilele chake, dakika 3 za kupoa, mara nne, siku 3 kwa wiki, wiki 12. Uwezo wao wa kutumia oksijeni uliongezeka kwa asilimia 46. Wenzao waliofanya mwendo wa wastani walipata 14.

Na unajua hao wazee walikuwa wanafanya nini? Walikuwa wanatembea. Kwenye tredimili iliyoinuliwa kama kilima. (Babu wa mashine hiyo, kwa taarifa yako, ni gurudumu la kukanyaga ambalo William Cubitt alilitengeneza mwaka 1818 kwa magereza ya Uingereza, wafungwa wasikae bure. Siku hizi tunalipa kuingia.) Kwa moyo wa mzee wa miaka 75, kupanda kilima ndiko asilimia 95. Ukali ulipimwa ndani ya kifua cha kila mmoja. Hakuna aliyeambiwa aruke kwa sababu jirani ameruka.

Kwa hivyo inawezekana. Ukali na usalama vinaweza kukaa chumba kimoja. Kilichobaki ni kama vinaweza kukaa kwenye kundi kubwa la watu wasiolingana, bila maabara ya Trondheim. Jibu la hilo liko hapa nchini, na nimeliona kwa macho.

Nilitumwa Iten miaka miwili iliyopita kuandika makala ambayo haikuhusu riadha, ilikuwa ya bei ya viazi. Iten iko mita 2,400 juu ya bahari, na Alhamisi asubuhi wakimbiaji hukusanyika kwa fatileki. Neno ni la Kiswidi, kucheza na kasi, na mtindo ulianzishwa na Gösta Holmér miaka ya 1930, karibu wakati ule wa Harbig. Mtu mmoja wa mbele anatangaza: leo ni moja kwa moja, yaani dakika moja kasi, dakika moja pole, au mbili kwa moja. Zaidi ya watu mia wanaondoka pamoja kwenye barabara ya vumbi jekundu, mabingwa wa kweli, wanaotaka kuwa mabingwa, na wazungu kadhaa waliokuja kutalii mapafu yao. Saa zinalia kwa pamoja. Ni ukali ambao sijauona mahali pengine.

Nilikuwa pembeni na boda yangu. Baada ya kama dakika 15 kundi lilikuwa limekatika vipande vinne au vitano, kila kipande kikiwa na watu wanaowezana. Kijana mmoja akatoka barabarani, akashika kiuno, akaanza kutembea. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyempigia kelele. Nilimuuliza kama ameumia, akaniangalia kama mtu ameulizwa kwa nini amevua koti jua likiwaka. "Zii, leo imenitosha," akasema, akageuza kurudi mjini. Na Eliud Kipchoge mwenyewe, ambaye kambi yake iko Kaptagat, kilomita si nyingi kutoka hapo, amesema mara kwa mara kwamba mazoezini hajisukumi hadi mwisho. Mwisho anauweka kwa siku ya mashindano. Ukiwaza ni nchi gani ingeweza kuandika HAKUNA KUPUMZIKA ukutani ikaaminiwa, ni hii. Na wale wenye haki ya kuliandika hawaliandiki.

Jana nilipanda ngazi za lile jengo, saa ambayo darasa limeisha na kocha anakunja mikeka. Ni kijana wa rika langu, alipitia NYS, ana adabu. Nilimweleza habari ya presha. Hakucheka. Aliniambia nilete kwanza karatasi ya kliniki, hapokei mtu mwenye presha bila daktari kujua, na hilo likanituliza zaidi ya hayo mengine yote. Nikamuuliza kama mtu anaweza kusimama raundi mbili, akajihesabu mapigo, kisha arudi. Akakuna kichwa. Akasema hajawahi kuulizwa, na shida si yeye, shida ni wale wengine watadhani nimekata tamaa waanze kelele zao. Bango si lake, akaongeza, ni la mwenye jengo.

Tukakubaliana hivi. Wiki hii narudi kliniki mara mbili nipimwe. Wakisema sawa, silipi mwezi. Nalipa 300 ya siku, Jumatano pekee, na siku nyingine natembea hadi Kasarani na kurudi. Nitasimama nyuma kabisa karibu na tangi la maji, na yeye atawaambia wenzangu waniache. Sitaruka, nitapanda na kushuka ile ngazi ya saruji. Kila baada ya raundi nitashika mkono wangu na kuhesabu sekunde 15. Nikipata 30 naenda tena. Nikipata 38 nabaki kwenye tangi, wao waendelee.